Fundi Aliyefunzwa Kanisani

Sikiliza pale anapoingia. Ngoma imeshatangulia, pigo zito baada ya pigo zito, kinanda cha umeme kinazungusha noti chache kwa kasi isiyoyumba, na kwa muda unadhani huu ni wimbo wa mashine tupu. Kisha Sylvester anafungua kinywa, juu kabisa, kwenye kimo cha sauti ambacho wanaume wengi hukifikia kwa kujikaza na kuteremka upesi. Yeye anafika bila kukaza koo, anatulia huko, na simulizi yote ya wimbo anaitoa kutoka huko, kana kwamba ndiyo sauti aliyozaliwa nayo.

Wimbo ni "You Make Me Feel (Mighty Real)", uliotoka mwaka 1978. Umechezwa kwenye kumbi za dansi za karibu kila bara, na mwaka 2019 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuuingiza katika hazina ya taifa ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa. Aliyeuimba alikuwa mwanamume Mweusi anayependa wanaume, na aliishi hivyo mchana kweupe tangu ujana wake mpaka kufa. Siku akitaka alivaa suti, siku akitaka alivaa gauni la vito. Mengi yameandikwa juu ya mavazi yake, nywele zake na ujasiri wake, na yote ni haki yake. Mimi nataka kukaa na kazi yenyewe: jinsi alivyovuta pumzi, jinsi alivyoushika mstari mmoja na kuurudia bila kuuchosha, jinsi alivyojua lini aimbe na lini awaachie wengine. Kazi hiyo alifunzwa kanisani. Nikimsikiliza kwa sikio la mtu aliyelelewa kwenye kwaya, nalisikia kanisa hilo kila anapopumua.

Sylvester James alizaliwa Septemba 1947 katika mtaa wa Watts, Los Angeles. Mama yake, Letha, alikuwa mshirika wa kanisa liitwalo Palm Lane, la dhehebu la Church of God in Christ. Dhehebu hili tulitazame vizuri, maana bila hilo hatutamwelewa fundi wetu. Mwasisi wake, Charles Harrison Mason, alikwenda Los Angeles mwaka 1907 kuushuhudia uamsho wa Mtaa wa Azusa, ule ulioongozwa na William Seymour, mhubiri Mweusi aliyezaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Ni uamsho huo huo ambao Wapentekoste wengi duniani, wa Afrika Mashariki wakiwamo, huutaja wanapoeleza chimbuko lao. Mason alirudi Memphis na moto, na kanisa lake likafungua mlango kwa ala ambazo makanisa mengine ya watu Weusi yaliziona za kilabuni: ngoma, matari, gitaa, tarumbeta, piano ya kupigwa kwa nguvu. Arizona Dranes, mpiga piano kipofu aliyerekodi Chicago mwaka 1926, alitoka huko. Sister Rosetta Tharpe na gitaa lake la umeme alitoka huko. Edwin Hawkins, ambaye "Oh Happy Day" yake ilivuma duniani mwaka 1969, aliirekodi na kwaya yake katika kanisa la dhehebu hilo hilo mjini Berkeley. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo alikuwa anasoma chuo cha muziki kila Jumapili, na siku za katikati ya wiki pia.

Alisimama kuimba mbele ya washirika akiwa bado mdogo sana, na baadaye akawa anaalikwa kuimba kwenye mikutano ya makanisa mengine. Alichokuwa anajifunza hakikuandikwa kwenye kitabu chochote, kwa hiyo wacha nijaribu kukieleza.

Wimbo wa injili wa watu Weusi wa Marekani, hasa ule wa Kipentekoste, mara nyingi una sehemu mbili. Ya kwanza ni wimbo wenyewe: beti, kiitikio, maneno yaliyotungwa. Ya pili inaanza pale ambapo wimbo ungepaswa kwisha. Wapiga ala wanashika mzunguko mfupi wa noti na hawautoki. Kwaya inashika mstari mmoja na haiuachi. Hapo kiongozi wa wimbo anaachiwa uwanja. Anaupokea mstari, anaukata, anauchelewesha, anaupandisha, anauliza swali na kulijibu mwenyewe, na kila mzunguko unapokamilika lazima nyumba iwe imepanda kidogo kuliko mzunguko uliopita. Akipandisha haraka mno, watu wanaishiwa nguvu kabla ya kufika. Akichelewa mno, wanakaa chini. Mpentekoste wa Mbeya au Kisumu hahitaji kuelezwa sana. Pambio analijua, na anajua kwamba ubora wa anayeliongoza hupimwa kwa jambo hilo hilo, kujua lini apandishe na lini ayaache makofi peke yake yaibebe ibada.

Hii ni hesabu ngumu. Kiongozi anaimba, na wakati huo huo anawasikiliza watu mia kadhaa, anamwangalia mpiga kinanda, anapima pumzi iliyobaki kifuani, na anaamua. Anayeshindwa hajifichi, kwa sababu kanisa lisiloshikwa linaonekana.

Sylvester aliijua hesabu hiyo kabla hajabaleghe. Alijua pia jambo la pili, ambalo kila aliyepita kwenye kwaya hizo alilijua. Makanisa ya watu Weusi ya Marekani yalikuwa na waimbaji, walimu wa kwaya na wapiga vinanda wengi wanaopenda watu wa jinsia yao, na kulikuwa na mapatano yasiyosemwa: kipaji chako tutakipokea, habari zako ukae nazo. James Baldwin, aliyehubiri kanisani Harlem akiwa kijana kabla ya kuwa mwandishi, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika kuhusu gharama ya mapatano kama hayo. Sylvester hakuyaweza. Hakuwa na namna ya kujificha; alivyotembea na alivyozungumza vilimtangaza. Alipofika umri wa miaka 13 hivi aliacha kwenda Palm Lane, kwa sababu washirika walikuwa wameshaonyesha kwamba hawamtaki jinsi alivyo. Nyumbani nako kukawa kugumu, akaondoka akiwa bado kijana.

Jambo hili linaniumiza kila ninapolifikiria, na silipiti kwa haraka. Kanisa lilimpa mtoto huyu kila kitu alichokuja kukitumia maishani, kisha likamfanya ajione mgeni ndani ya nyumba iliyomlea. Hata hivyo ufundi haurudishwi kama joho la kwaya. Alitoka nao.

Aliyemfungulia mlango alikuwa bibi yake, Julia Morgan, aliyekuwa mwimbaji wa bluzi miaka ya 1920 na 1930. Bibi huyo aliwajua watu wa namna ya mjukuu wake tangu enzi zake jukwaani, na hakuona kitu cha kumshangaza. Kwake kijana akapata upande wa pili wa urithi: nyimbo za Bessie Smith na Billie Holiday, na adabu ya mwanamke anayesimama mbele ya watu akiwa amevaa vizuri. Alipohamia San Francisco mwaka 1970, alianza kwa kuimba nyimbo hizo za zamani pamoja na kundi la maigizo la Cockettes, kwenye ukumbi wa Palace mtaa wa North Beach. Wenzake walikuwa vijana wenye ndevu zilizonyunyizwa vumbi la kung'aa, wengi wao wakifanya mzaha wa jukwaani. Yeye alitoka na wimbo na kuuimba kwa dhati. Kundi hilo lilipokwenda New York mwaka 1971 maonyesho yalidorora vibaya, lakini waliokuwapo walimsifu mtu mmoja.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutafuta. Albamu mbili za roki alizotoa mwaka 1973 akiwa na bendi yake, Hot Band, zina nyakati nzuri, ila kwa maoni yangu sauti yake pale inagombana na magitaa na mara nyingi inashindwa. Palikosekana wa kumwitikia.

Alipata jibu mwaka 1976, alipokuwa anapima waimbaji wa kumsindikiza. Akaja msichana wa San Francisco aliyelelewa katika injili, Martha Wash. Sylvester alipomsikia hakuhitaji kusikia wengine. Akamwuliza kama anamjua mwenzake mwingine, mwenye umbo kubwa na sauti kubwa kama yake. Martha akamleta Izora Rhodes, aliyekuwa anaimba naye katika kikundi cha injili. Baadaye hawa wawili wangejulikana duniani kote kama The Weather Girls, kwa wimbo wa "It's Raining Men" wa mwaka 1982, lakini kwanza walikuwa kwaya ya Sylvester. Watu wawili tu, na walijaza nafasi ya watu ishirini.

Mtu asiyejua kwaya anaweza kudhani mwitikiaji ni pambo. Sikiliza "Over and Over" katika albamu yake ya mwaka 1977, utungo wa Ashford na Simpson. Mwendo ni wa polepole, besi inatembea bila haraka, na Sylvester anaweza kuuacha mstari katikati kwa sababu anajua Martha na Izora wataumalizia. Anaangusha neno mahali pasipotarajiwa, wao wanalidaka. Anapopanda, wao wanabaki chini na kushika mstari kwa uzito, ili kupanda kwake kuonekane kumetoka wapi. Mwimbaji wa peke yake hawezi kufanya hivyo. Lazima alinde wimbo usianguke, kwa hiyo hathubutu kuuachia. Sylvester mwenye kwaya nyuma yake anaweza kuruka, maana kuna wanaomshika. Hiyo ndiyo siri ya uhuru ninaousikia katika kazi yake yote nzuri, na siri hiyo ina jina la kawaida sana makanisani: kuitikiana.

Aliyempeleka kampuni ya kurekodi ya Fantasy, kule Berkeley, alikuwa Harvey Fuqua, mtu wa sauti pia, aliyewahi kuongoza kundi la Moonglows miaka ya 1950 na kufanya kazi katika kampuni ya Motown. Fuqua alikuwa na sikio la kusikia kwamba kilichopo hapa ni kwaya, na akairekodi kama kwaya.

Sasa turudi kwenye wimbo wenyewe. Mpiga gitaa James Wirrick alitunga muziki, Sylvester akaandika maneno. Mwanzoni ulikuwa wimbo wa mwendo wa wastani, wenye ladha ya injili. Patrick Cowley, kijana Mzungu aliyesomea muziki wa vyombo vya umeme na aliyekuwa fundi wa taa kwenye ukumbi wa dansi wa City, ndiye aliyeletwa kuuongezea sauti za mitambo. Akauweka juu ya mapigo ya haraka, na kinanda chake kikarukaruka kati ya noti ya chini na ya juu bila kuchoka. Wengine wangesema hapo ndipo injili ilipoondolewa. Nasikia kinyume chake kabisa. Ule mzunguko mfupi usiotoka, ambao kanisani hushikiliwa na mpiga kinanda na mpiga ngoma mpaka jasho liwatoke, Cowley aliupa mashine isiyotoka jasho. Na santuri ya inchi 12, iliyokuwa imeanza kuenea katika kumbi za dansi miaka ile, ilitoa kitu ambacho redio haikuwahi kukitoa: muda. Dansi lilihitaji wimbo mrefu unaopanda polepole na kurudi kwenye mstari ule ule. Palm Lane walikuwa wanafanya hivyo miaka yote.

Maneno ni machache. Mtu yuko kwenye dansi, anakutana na mtu, wanaondoka pamoja, na kwa kuguswa na mwenzake anajisikia kuwa wa kweli, halisi, mzima. Ukiyaandika kwenye karatasi hayajazi ukurasa. Ila sikiliza anavyoyatumia. Beti anaziimba kwa kujizuia, karibu kama mtu anayetoa ushuhuda kwa sauti ya kawaida: nilikuwa mahali fulani, likatokea jambo fulani. Ushuhuda mzuri kanisani haupigiwi kelele mwanzoni. Anayesimulia anatulia ili mwisho uwe na pa kwenda. Kiitikio kinapofika ndipo anapoachia, na kinaporudi mara ya pili hakiimbi kama cha kwanza, wala cha tatu kama cha pili. Neno la mwisho la jina la wimbo analivuta, mara analimimina kutoka juu kwenda chini, mara analikata fupi kana kwamba limemchoma. Nimewasikia waimbaji hodari wakiuimba wimbo huu. Jimmy Somerville, naye mwenye sauti ya juu ya ajabu, aliurekodi na kuufikisha nafasi ya tano Uingereza mapema mwaka 1990, juu kuliko Sylvester mwenyewe alivyofika huko. Ni kazi safi. Ila Somerville anaimba wimbo, na Sylvester anaongoza watu.

Na ile sauti ya juu? Falseto, kwa namna ya mwili, ni sauti inayotoka wakati kamba za sauti hazifungi sawasawa, zikigusana kingo tu. Hewa nyingi inavuja. Ndiyo maana falseto ya mtu wa kawaida ni nyembamba na inamwishia njiani. Kuifanya iwe na mwili, iwe na makali, iweze kusimama mbele ya ngoma na besi na wanawake wawili wenye mapafu ya Martha na Izora, kunahitaji tumbo linaloshika pumzi na kuitoa kwa kipimo, na mdomo unaojua kuzipanua irabu kadiri noti inavyopanda. Wanaume wa injili walikuwa na falseto kabla yake. Claude Jeter wa Swan Silvertones aliitumia vizuri sana tangu miaka ya 1940, akiichomoa ghafla juu ya wenzake na kuirudisha. Kwa Jeter ilikuwa tukio. Sylvester alifanya makao huko, na mfano wake haukuwa wa vikundi vya wanaume peke yao. Alikuwa anawasikiliza wanawake: Aretha Franklin, binti wa mchungaji, na Patti LaBelle. Alichukua namna yao ya kuvunja sauti kwa makusudi pale maneno yanapozidi kuwa mazito, ule mkwaruzo unaowafanya watu wa mstari wa mbele kuinua mkono. Kanisani sehemu hizo waliziimba akina mama. Yeye aliziimba hadharani na hakumwomba mtu ruhusa.

Agosti 1978, "Mighty Real" pamoja na "Dance (Disco Heat)" zilikaa juu kabisa kwenye orodha ya nyimbo za dansi Marekani. Novemba mwaka huo, Harvey Milk, diwani wa San Francisco aliyechaguliwa akiwa mpenzi wa jinsia moja asiyejificha, aliuawa kwa risasi ofisini pamoja na meya wa jiji. Miezi isiyofika minne baadaye, tarehe 11 Machi 1979, Sylvester alipanda jukwaa la jumba la opera la jiji hilo, War Memorial. Nitalirudia onyesho hilo, kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kilichofuata katika maisha yake kinaelezeka kwa maneno machache, ingawa hakikuwa kidogo. Alipandisha sauti tena na Cowley katika "Do Ya Wanna Funk" mwaka 1982; Cowley alifariki Novemba mwaka huo huo kwa ugonjwa uliokuwa haujazoeleka hata jina. Mwaka 1985 Aretha Franklin alirekodi "Freeway of Love", na miongoni mwa waitikiaji nyuma yake alikuwapo Sylvester, pamoja na Martha Wash na Jeanie Tracy. Hebu fikiria: mwanamke ambaye Sylvester alimsikiliza kwa miaka mingi ndiye anayeongoza, na yeye yuko kwenye kwaya. Septemba 1987 ukimwi ulimchukua mwenzi wake, msanifu majengo Rick Cranmer. Juni 1988 Sylvester alishiriki maandamano ya San Francisco akiwa kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na wagonjwa wenzake wa ukimwi, wazi kama alivyoishi. Alifariki tarehe 16 Desemba mwaka huo akiwa na miaka 41. Mapato ya baadaye ya nyimbo zake aliyaacha kwa mashirika mawili ya San Francisco yaliyowasaidia wagonjwa wa ukimwi kwa fedha na kwa chakula.

Kabla ya kufa alikuwa amerudi kanisani. Kanisa hilo liliitwa Love Center, mjini Oakland, na mchungaji wake alikuwa Walter Hawkins, mdogo wake Edwin, mtunzi mkubwa wa nyimbo za kwaya. Kwa maneno mengine, alirudi kwa watu wa ukoo ule ule wa muziki, na safari hii walimpokea. Alipanga mazishi yake mwenyewe: jeneza wazi, kimono nyekundu, maua mengi, kwaya, na Jeanie Tracy aimbe. Hawkins akahubiri, na kanisa likajaa mpaka watu wakasimama. Kwa wengi wa kizazi chake waliokufa kwa ugonjwa huo, mlango wa kanisa ulibaki umefungwa hata siku ya maziko. Ninamshukuru Walter Hawkins kwa hilo, na nalisema bila kusita.

Sasa jumba la opera. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1932; ndimo ulimofanyika mkutano wa mwaka 1945 ulioanzisha Umoja wa Mataifa. Usiku ule jiji lilimpa Sylvester ufunguo wake wa heshima. Kulikuwa na okestra, na sehemu kubwa ya onyesho ilirekodiwa na kutolewa kama albamu, Living Proof. Humo anaimba "Lover Man" ya Billie Holiday, anaimba "Blackbird" ya Beatles, kisha anafika kwenye "You Are My Friend", wimbo wa Patti LaBelle uliokuwa na umri wa miaka miwili tu.

Anauanza polepole, karibu peke yake, na anaujenga beti kwa beti kama inavyotakiwa. Nyumba imeshamkubali. Katika kimo hicho mwimbaji yeyote mwenye jina lake kwenye bango angeuchukua wimbo na kuumaliza mwenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye anaanza kuzungumza na watu juu ya wanawake wawili walio naye, jinsi walivyoanza pamoja na walikotoka. Anawatambulisha kama mwinjilisti anavyowatambulisha waimbaji wa mkutano, kwa fahari, bila haraka, huku ala zikizunguka chini yake. Kisha anamwachia Martha. Martha anapanda, na unasikia ukumbi wote ukishtuka, kwa sababu wengi walizoea kumsikia nyuma ya mtu. Anamwachia Izora, na sauti ya Izora ni nzito zaidi, inatoka chini zaidi, inachukua muda wake. Sylvester anawashangilia kwa sauti kama mshirika aliyeketi kiti cha mbele, na shangwe hizo zimebaki kwenye mkanda, ndani ya muziki.

Halafu wote watatu wanaingia pamoja, mstari mmoja ukirudiwa na kurudiwa, kila mmoja akiupokea kutoka kinywani mwa mwenzake, na kwa muda huwezi kusema nani ni kiongozi na nani anaitikia.